Makao ya Bundi

Usilolijua ni usiku wa kiza. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake sikuipata darasani. Niliipata juu ya ngazi, nyundo mkononi, nikipigilia kisanduku cha mbao kwenye mgrevilea nyuma ya ghala la nyanya yangu, huko Trans Nzoia.

Usiku ule babu alipotuaga, bundi alikuwa akipiga ukelele katika tundu la mti mkuukuu kando ya boma. Matanga yalipokwisha, Nyanya aliamuru mti ukatwe. Hakuna aliyemlaumu, nani asiyejua kwamba bundi ni mjumbe wa kifo? Miaka ikapita, panya wakalifanya ghala kuwa lao. Kila likizo nilimkuta Nyanya akipepeta mahindi yaliyotafunwa viini, na kando yake pakiti za sumu.

Ni katika maktaba ya chuo nilikomfahamu upya ndege huyu. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hajengi kiota. Hutaga katika matundu ya miti, mapangoni na darini. Chakula chake kikuu ni panya. Kumbe tulipoangusha mti ule, tulimfukuza mlinzi wa ghala asiyedai mshahara.

Fundi seremala wa sokoni alinitazama kwa muda. "Mwanangu, nimeunda vitanda na majeneza. Nyumba ya bundi sitaiunda. Zana nitakuazima."

Nilinunua mbao za saiprasi. Sakafu niliipima inchi 18 kwa 18, kimo inchi 26. Mlango nikautoboa inchi 18 juu ya sakafu, makinda wasije wakaanguka kabla ya kukomaa mbawa. Kuta za ndani sikuzipiga randa, kwani ubao unaokwaruza huzipa kucha pa kushikia. Kwa keekee nikatoboa vitundu vya kutoa unyevu, nikatandaza maranda, na ubavuni nikatia bawaba ili kisanduku kiweze kusafishwa. Msumeno uliponienda upande, mzee alishindwa kuvumilia. Aliupokea bila neno, akakata mstari ulionyooka.

Nyanya hakunikataza. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, babu yako umemsahau?"

Vitabu vyote nilivyosoma havikunipa jibu la swali hilo. Nilimwomba mambo mawili: aache sumu, kwa kuwa bundi anayekula panya wenye sumu huweza kufa naye, na watoto wakatazwe kurusha mawe. Alikubali nusu. Sumu aliiacha.

Mwaka mzima kisanduku kilikaa kitupu, na majirani wakapata la kuchekea. Mwaka wa pili, likizo ya Aprili, nilikuta chini ya mti vidonge vyeusi vya ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Nilikipasua kimoja mbele ya Nyanya. Mlikuwa na mafuvu matatu. Aliyahesabu kwa ncha ya kidole, akayahesabu tena, kisha akawaita wajukuu wadogo. "Atakayerusha jiwe hapa," alisema, "atanieleza mimi."

Hata leo bundi akilia, Nyanya hujifunika shuka na kulitaja jina la babu. Simlaumu; msiba wake ni wa kweli, na kilio kile aliusikia nacho. Lakini asubuhi, kabla ya kufungua ghala, hupitia kwanza chini ya mgrevilea.

Msomaji mpenzi, sisi tunaosoma fasihi tumezoea kumwita bundi kila tunapotaka mhusika afe. Nami katika insha zangu nilimtumia hivyo mara nyingi, pasi na kumuuliza mtu wala kamusi, ambayo humwita pia babewatoto, jina ambalo masikioni mwangu husikika kama baba mlezi wa wana. Siku hizi kalamu ikifika hapo, husita.