Magadi ni mbali kwa pikipiki iliyoziba rejeta

Barabara ya kutoka Nairobi hadi Magadi ni ya kilomita 110 hivi, lakini msafiri aliyejifunika koti zito pale Kiserian hulivua kabla ya kufika Oltepesi. Corner Baridi, penye jina lisilosema uongo, upepo wa milima ya Ngong hukupiga usoni. Baada ya hapo barabara huporomoka ndani ya Bonde la Ufa, ikishuka zaidi ya meta 1,000 hadi ziwani. Huko chini ni migunga, mbuzi wa Wamaasai na vumbi. Wengi hupumzika Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940.

Mwisho wa juma utawakuta hapo waendesha pikipiki kubwa kubwa. Bodaboda ya kawaida hupozwa kwa upepo tu, lakini nyingi ya hizi hupozwa kwa maji yanayozunguka injini na kurudi kwenye rejeta, iliyowekwa nyuma ya gurudumu la mbele. Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwani kila kokoto na tope linalorushwa na gurudumu hilo huishia kwenye vibati vyake vyembamba. Wadudu nao hukwama humo, na upepo ukakosa pa kupita.

Kushuka Magadi si kazi. Kazi ni kurudi, jua likiwa utosini, ukipanda polepole nyuma ya lori lililolemewa, pasipo upepo wa kutosha. Ikichemka hapo, gari la kukusaidia huenda lisipite kwa muda mrefu, na maji ya kunywa uliyobeba ndiyo hayo hayo.

Basi kabla ya safari, injini ikiwa baridi, osha rejeta kwa mpira wa maji ya kawaida. Anzia upande wa injini ili uchafu utoke ulikoingilia. Ile mashine ya kuoshea magari yenye maji ya nguvu iepuke kabisa, maana hukunja vibati, na kuvinyoosha kimoja kimoja kwa kijiti chembamba ni kazi ya kumaliza adhuhuri. Hakikisha pia kwamba feni inazunguka injini inapopata moto.

Kifuniko nacho wengi hukidharau. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Kifuniko kinachobana vyema huongeza mgandamizo na kuyazuia kuchemka mapema; mpira wake ukipasuka, nunua kingine. Lakini usikifungue injini ikiwa moto, hata ukiharakishwa vipi, kwani maji hayo huruka na kuunguza uso. Ngoja mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Ndani ya rejeta hutiwa dawa maalumu, kulanti, aghalabu nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Pikipiki nyingi hutaka ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kitabu chake kitakueleza. Hutolewa kwa skrubu iliyo chini ya pampu ya maji, mfumo ukasuuzwa, kisha mpya hutiwa taratibu na injini kuachwa iungurume ili hewa iliyonaswa itoke.

Maji ya ziwa, hata yawe karibu namna gani, usiyatie. Mama yeyote aliyelainisha maharagwe kwa magadi anajua jinsi sufuria ya aluminiamu inavyogeuka nyeusi, na rejeta nyingi ni za aluminiamu hiyo hiyo. Ukikwama, tumia maji safi ya kunywa, kisha ukifika nyumbani uyamwage na kutia kulanti.

Ile kulanti kuukuu ina utamu, na ni sumu. Mbwa huilamba, na mtoto akiinywa figo zake zaweza kuharibika hata kufa. Usiimwage kando ya barabara wanakopita mbuzi wa watu, wala usiihifadhi katika chupa ya soda. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko, uuandike ubavuni kwa herufi kubwa, uupeleke kwa fundi anayekusanya oili chafu.