Kupakua si kuweka

Kwa Kifaransa neno télécharger linabeba safari zote mbili, kupeleka faili mtandaoni na kuileta kwako. Kiswahili kimezitenganisha: kupakia ni kupeleka, kupakua ni kuleta. Kazi hiyo inafanywa na kiambishi cha kugeuza, -u-, kile kile kilichomo katika funga na fungua. Naipenda jozi hii, ila inaahidi kuliko inavyotimiza. Anayepakua wali anaiona sahani. Anayepakua faili mara nyingi hajui imetua wapi.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa anafanya kazi juu ya hadithi za Kisanga. Aliyerekodi kijijini alimtumia kiungo cha siku saba, kisha akafuta sauti katika simu ili apate nafasi. Mwenzetu akabonyeza, akachagua Ouvrir avec, akasikiliza jioni nzima, akaandika maneno yote daftarini, akazima mashini. Toni alizibakiza kwa usikilizaji wa pili. Aliporudi, sauti haikuwepo na kiungo kilikuwa kimekufa. Kisanga ni lugha ya toni. Daftari lisilo na toni ni nusu ya ushahidi, na bibi aliyesimulia alikuwa ameshazikwa.

Mashini haikuharibika. Ilikuwa na Linux na Firefox ya zamani, na ilifanya kama ilivyoagizwa. Kabla ya toleo la 98, faili iliyochaguliwa "kufunguliwa" tu iliwekwa katika /tmp, na kivinjari kilipofungwa kiliifuta. Toleo hilo, la Machi 2022, lilibadili desturi: hata faili ya kufunguliwa tu sasa inaingia folda ya Téléchargements. Wengine walilalamika kwamba folda inajaa takataka, na baadaye ukaongezwa mpangilio wa kurudisha desturi ya zamani kwa anayeitaka. Mimi nachagua takataka.

Jina /tmp lenyewe linasema "ya muda". Kanuni ya mpangilio wa mafaili ya Linux haiachi shaka: programu isitegemee kukuta humo ilichokiacha. Kuna jirani yake, /var/tmp, ambayo hubaki hata mashini ikizimwa na kuwashwa. Katika Debian 13, iliyotoka 2025, /tmp kwa kawaida haiko kwenye diski kabisa, iko katika kumbukumbu ya kazi, ile inayoishi kwa umeme. Umeme ukikatika, imekwenda. Kwa msomaji wa hapa kwetu sina haja ya kueleza zaidi. Nayo ~/.cache, ambamo vivinjari huweka nakala za kurasa ili zifunguke haraka, hupunguzwa na kivinjari chenyewe kinapotaka nafasi, hakimuulizi mtu.

Nimeambiwa kwamba haya ni mambo ya wahandisi. Lakini sisi ndio tunaofundishwa kuandika jina la msimulizi, kijiji na tarehe kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Nimependekeza mstari mmoja zaidi kwenye karatasi ya utafiti wa uwandani: njia kamili ya faili, kuanzia /home. Mwalimu amekubali uingie mwaka huu. Tunachobishania bado ni nani aujaze, aliyerekodi au anayepokea.