Safari Yetu ya Lamu, na Nyumba Tusiyoinunua

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahala pa utulivu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, S.A.W. Ama baada ya hayo, twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, khasa vijana wenye nia ya kununua nyumba katika miji yetu ya kale, khabari iliyotupata sisi wenyewe.

Mwana wa ndugu yetu ni mwalimu wa skuli ya msingi. Alihamishiwa Lamu, akapanga vyumba viwili Langoni, akaupenda mji na watu wake. Mwaka wa tatu akatuletea khabari kwamba ameona nyumba ya mawe inauzwa Mkomani, kwa bei ambayo mwalimu aweza kuimudu akijinyima. Baba yake amekwisha fariki, na sisi ndio ami yake aliyebaki. Basi akatutaka twende tukamtazamie. Tukaifunga madrasa yetu ya Malindi kwa siku nne, tukafunga safari.

Gari hukoma Mokowe. Hapo msafiri hushuka na mzigo wake, akaingia katika mashua, na baada ya muda mchache huuona mji wa Lamu umejipanga kando ya maji, nyumba juu ya nyumba. Ukishuka gatini ukapanda kidogo wafika Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Ngome hiyo ilijengwa baina ya mwaka 1813 na 1821. Baadaye ikafanywa jela, na tangu mwaka 1984 iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Ubavuni mwake ndipo penye soko: samaki, ndizi, nazi na maembe kwa wakati wake. Anayeishi Lamu hununua kitoweo asubuhi kwa miguu, na kabla hajafika kwake amekwisha amkiana na nusu ya mtaa.

Njia kuu, wenyewe waiitayo Usita wa Mui, yapita katikati ya mji, na vichochoro vimeingia huku na huku. Havikupimwa kwa gari, vilipimwa kwa mtu na punda. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya turathi za ulimwengu, si kwa sababu ni magofu, bali kwa sababu watu wangali wakikaa humo, wakisali, wakioana na kuzikana.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na ndani mna baridi hata adhuhuri. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka pana sana, vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake aghalabu haupiti mita 3. Mlangoni pana daka lenye baraza, pa kumkalisha mgeni. Ukivuka daka waingia tekani, nayo imepindishwa makusudi, ili mpita njia asiwaone watu wa ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana, kisha ndani, ukutani mna zidaka zilizochongwa katika chokaa. Chooni mna birika la maji, na samaki wadogo humo walao viluwiluwi vya mbu. Waliojenga nyumba hizi walifikiri stara ya mke kabla ya fakhari ya mume.

Tulimwita fundi mzee akaigonga nyumba ukuta kwa ukuta. Boriti nne zimeoza, akasema, na mahali fulani mtu alipiga lipu ya saruji juu ya jiwe la zamani. Saruji huzuia unyevu usitoke, na chumvi ikala ukuta kwa ndani. Yataka ibanduliwe yote, ipigwe chokaa. Akatukumbusha pia kwamba kila jiwe na kila pishi ya mchanga hufika mlangoni kwa punda, na punda ana ujira wake. Na kwamba mji wa kale umehifadhiwa kwa sheria, hata mwenye nyumba hana ruhusa kubomoa au kuongeza ghorofa bila ya idhini. Hayo yote tuliyaandika, tukayapigia hesabu, tukaona yawezekana.

Dalali akatuambia, "Warithi wote wako radhi." Tukatoa arbuni. Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Bei ile ilikuwa chini mno, na moyoni tuliona kuna jambo. Sisi tunaofundisha watoto elimu ya mirathi hatukuuliza, kwa kuogopa jawabu.

Alasiri ya siku ya pili, tulipotoka msikitini, mzee mmoja aliyekaa barazani alitwambia, "Maalim, na bint yao aliyeko Maskati, naye mmemuuliza?" Hatukuwa na la kumjibu. Tukarudi kwenye nyumba pamoja na wale ndugu wawili wauzao. Mama yao, ajuza, alikuwa ndani. Akatuamkia nyuma ya pazia, akatukaribisha kahawa, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, mkishahamia, mimi mtaniweka chumba kipi?"

Wallahi, hatujapata kusikia swali zito kama lile. Watoto wake hawakumwambia kuwa nyumba yauzwa. Alidhani sisi ni wapangaji.

Tulikaa pale daka tukawafanyia wale vijana hesabu. Baba yao aliacha mke, watoto wanaume wawili na binti mmoja. Mke ana thumni, na kilichobaki hugawanywa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ukiigawa nyumba hii mafungu 40, mama ana 5, kila kijana ana 14, na binti ana 7. Basi mafungu 12 katika 40 si yao. Nani aliyewapa ruhusa kuyauza? Mdogo aliinamisha kichwa. Mkubwa akasema ana deni, na dada yake ana maisha mazuri huko aliko. Tukamjibu kwamba fungu la mirathi halitazami tajiri wala maskini. Limekadiriwa na Mungu katika Suratun-Nisaa. Na Mtume, S.A.W., amemkataza mshirika kuuza kabla hajamjulisha mwenziwe.

Usiku ule binti akapigiwa simu. Alilia kwanza. Kisha akasema nyumba ya baba yake haitauzwa mama yake akiwa hai, na kwamba yeye atanunua fungu la kaka yake kidogo kidogo mpaka deni lilipwe. Mwana wa ndugu yetu alihuzunika sana. "Ami," alitwambia, "sitapata tena nyumba kwa bei kama hii." Tukamwambia kwamba bei ile ilikuwa rakhisi kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ni haki ya watu wawili wasiosema.

Kwa hivyo, enyi vijana wetu, kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, ulizeni marehemu ni nani na warithi wake ni wangapi, wa karibu na wa mbali. Ulizeni kama nyumba ni wakfu, kwani wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Tazameni hati katika ofisi ya ardhi kwa macho yenu, msitosheke na maneno ya dalali. Pakiwa na ugomvi wa mirathi, iko Mahakama ya Kadhi, iliyothibitishwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Andikeni mapatano na mshuhudishe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Baqara. Na kaeni barazani siku mbili tatu kabla ya kutoa hata senti moja. Sisi tuliitoa mapema: arbuni yetu imerudi nusu, na nusu ya pili twamdai dalali mpaka leo.

Kijana wetu angali amepanga Langoni. Kila Ijumaa yule ajuza humpelekea mkate wa mofa, naye humchotea maji na kumwangalizia boriti zake. Nyumba hana bado, lakini jirani amekwisha mpata. Twamwomba Mwenyezi Mungu amruzuku na nyumba ya halali, yeye na kila kijana wa Kiislamu, na atuepushe sote na shibiri ya ardhi isiyo yetu. Amin.