Kutoka Chumba cha Nasaha hadi Dodoso

Tuliporudi Mombasa kwa Idi, wengi walitaka kujua kwa nini sisi dada wawili tumeacha kuwasikiliza vijana Kitale tukaenda Bungoma kujaza madodoso. Mama mmoja, mkubwa wetu, alitwambia waziwazi: "Wanangu, mmeacha thawabu mkashika karatasi." Neno lile lilituchoma, kwani halikuwa mbali na tulilokuwa tukijiuliza wenyewe.

Kitale tulikaa na vijana waliobeba mambo mazito. Wapo waliokimbia makwao wakiwa wachanga, baada ya uchaguzi wa 2007, na wapo ambao wazazi wao walitoka Mlima Elgon katika miaka ile ya mapigano. Kijana alikuja, akanyamaza, akalia, hatimaye akasema. Baada ya miezi tukimwona sokoni akicheka na wenziwe, tukamshukuru Mungu. Lakini ni mazungumzo yetu yaliyomtuliza, au ni muda, au ni nyanyake aliyempikia uji kila asubuhi? Ndani ya chumba kimoja chenye viti viwili, swali hilo halina jibu.

Bungoma limewahi kutafutiwa jibu. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa Kenya, Tanzania na Marekani waliwafuatilia yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, nusu yao Bungoma, nusu Moshi. Kwa kura, baadhi waliingizwa katika vikundi vya tiba ya mazungumzo, na wengine wakaendelea na huduma za kawaida. Walioendesha vikundi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa na kusimamiwa. Mtoto husaidiwa kuisimulia kidogo kidogo habari ya msiba wake, mpaka kuikumbuka kusimtie hofu kama awali. Matokeo yalichapishwa 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma walioipata, wa mjini na wa vijijini, walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao. Moshi, makundi mawili yalikuwa yamelingana.

Tiba ni ile ile, matunda mbalimbali. Hilo ndilo lililotuvuta.

Hatusemi kazi hii ni nyepesi. Mtafiti huuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na mtoto akitokwa na machozi mkono wako wataka kuweka kalamu chini. Unaruhusiwa kusita, na akiwa hatarini ni wajibu kumkabidhi mara moja kwa mshauri. Lakini huruhusiwi kuyageuza mahojiano kuwa nasaha. Kura nayo ina uchungu wake. Mlezi hukuuliza kwa nini wa jirani na si wangu, nawe huna la kumjibu ila ukweli: kama tungejua tayari kwamba tiba yafaa, tusingepiga kura.

Hata lugha hupimwa. Tulipokuwa tukilijaribu dodoso karibu na Chwele, mtoto mmoja aliulizwa kama ana huzuni, akasema hana. Alipoulizwa kama moyo wamuuma, akainamisha kichwa. Kiswahili chetu cha Pwani, tunachojivunia nacho sana, kilimpita kando. Swali likabadilishwa kabla ya kazi kuanza, maana baada ya hapo halibadilishwi tena.

Akina mama, watafiti huja hata madrasa zetu, kwa hiyo tuwaachie haya. Anayetaka kumhoji mwanao aonyeshe kibali cha utafiti cha serikali. Akueleze wewe kwanza, kisha mtoto naye aulizwe kama ametaka. Ridhaa yako haitoshi peke yake. Muulize jina la mtoto litahifadhiwa wapi, nani ataliona, na mtoto akifadhaika atapelekwa kwa nani. Mna haki ya kukataa, hata katikati ya maswali, bila kunyimwa huduma yoyote. Na matokeo yakitoka, mdai aje awasomee.