Springi Haina Undugu

Ukitaka kujua kama shokapu imechoka, bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Gari zuri huinuka mara moja na kutulia. Teksi ya baba mdogo ilikuwa inaruka mara tatu, nne, kana kwamba imesikia ngoma. Shokapu zote mbili za mbele zilikuwa zimelowa mafuta, na matairi yameliwa kwa mabaka. Barabara zetu za vumbi hapa Dar, ndugu msomaji, hazina huruma.

Baba mdogo akasema kazi tutaifanya wenyewe, uani. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alinunua vifaa vipya kule Gerezani kwa pesa ya kustaafu, gereji moja ikamfungia. Baada ya wiki mbili tukagundua upande mmoja umewekwa kikuukuu kilichopakwa rangi. Na teksi ile ndiyo karo ya watoto wake watatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mimi nilishika spana miaka miwili kabla ya kushika kalamu, nikamwambia: "Baba mdogo, hii si kazi ya uani."

"Kwa nini, mwanangu? Nati ni nati."

Nati hii ni nyingine, bwana. Pikapu ya jirani, shokapu zake za nyuma zimesimama peke yake. Mwenye spana nzuri anazibadilisha nyumbani na mambo yakaisha. Lakini Corolla mbele ina shokapu iliyopita katikati ya springi, mtindo wenye jina la Mmarekani Earle MacPherson, uliotumika kwenye Ford Consul ya Uingereza tangu mwaka 1950. Springi ile imekandamizwa humo. Ukifungua nati ya juu kabla ya kuibana kwa kibanio chake, inafyatuka kwa nguvu ya kuvunja taya, hata kuua. Sisi tulikuwa na jeki moja na matofali. Jeki huteleza, tofali hupasuka, na aliye chini ya gari hana pa kukimbilia.

Basi tukatafuta gereji nyingine, yenye kibanio. Baba mdogo alinunua shokapu mwenyewe, mbili kwa pamoja, maana ya kushoto na ya kulia hubadilishwa jozi. Akazikwaruza alama kwa msumari. Akaomba kigoda, akaketi kando ya gari mpaka kazi ikaisha. Zile kuukuu akazitia kwenye kiroba, akaondoka nazo. Kesho yake akapeleka gari kupimwa alaimenti, kwa sababu shokapu za namna hii zikiguswa, gurudumu huweza kuhama pembe yake na tairi jipya likaliwa upande.

Fundi alinuna kidogo. "Mzee, kumbe huniamini?"

"Nakuamini, kijana," baba mdogo akajibu, macho yako kwenye nati. "Nailinda karo tu."