Mama na Mawe ya Rangi

Mama yangu alipasua kokoto kwa miaka 19. Nalisema hili mapema, msomaji wangu, kwa sababu ninachotaka kukusimulia ni mchezo wa watoto, na usipolijua hilo utashangaa kwa nini mchezo wenyewe ulinikosesha usingizi.

Ilikuwa Desemba iliyopita. Shule zimefungwa, mvua kila mchana, umeme unakatika unavyotaka, na watoto wangu wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 5, wameshagombania kila kitu kinachogombaniwa ndani ya vyumba vitatu. Binti akaja na simu ya baba yake. "Mama, ona." Watoto wa sijui nchi gani walikuwa wanageuza mawe kuwa wadudu wekundu wenye madoa meusi. Nikamjibu kwamba kama ni mawe, hapa Mwanza tunayo mpaka ya kugawa. Nikajuta hapo hapo, maana alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo.

Anayeijua Mwanza anajua sikutia chumvi. Nyumba zetu zimekaa juu ya majabali kama mbuzi. Lakini jiwe la mlimani halifai kwa kazi hii. Lina chembechembe, linakwaruza, ukipitisha brashi linakunywa rangi yote na kukuachia bato. Tulijaribu matatu uani, yote yakatoka kama yana upele. Jumapili tukapanda daladala hadi Luchelele, tukatembea ufukweni tukiinamainama. Niliwakataza kuingia majini kwa sababu ya kichocho, wakanuna, kisha wakasahau. Kwa saa nzima tulipata mawe laini 21, na mdogo akaongeza kipande cha chupa kilicholainishwa na ziwa, akasisitiza kwamba nacho ni jiwe. Sikubishana.

Sasa nikupe siri za jikoni, maana tulikosea sana kabla ya kupatia. Jiwe lioshwe kwa sabuni na mswaki wa zamani, kisha likae juani nusu siku. Linaweza kuonekana kavu kumbe lina unyevu ndani, na rangi ikija juu yake inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Rangi za maji za shule peke yake hazishiki; mtoto akilishika jiwe kwa mkono wenye jasho, samaki anabaki kiganjani. Kilichotuokoa ni kopo la rangi nyeupe ya ukutani lililobaki tulipopaka sebule. Tulipaka jiwe zima kwa nyeupe hiyo kwanza, tukaliacha likauke, ndipo tukachora. Baadaye tukaanza kuchanganya rangi za shule ndani ya hiyo ya ukutani, zikakolea na kushika vizuri. Nyeusi ilipoisha tulisaga mkaa. Madoa tuliyagonga kwa njiti za kibiriti, upande usio na baruti. Mwisho kabisa nilipaka vanishi niliyoomba kwa fundi seremala wa mtaani, na hiyo niliipaka mwenyewe, nje, watoto wakiwa mbali, kwa sababu harufu yake si ya mapafu ya mtoto.

Kuhusu nini cha kuchora, ushauri wangu ni mmoja: muulize mtoto jiwe linafanana na nini kabla hujampa brashi. La bapa lenye ncha lilikuwa sato. La mviringo lilikuwa kobe. Moja lilikuwa na mkunjo katikati, mimi nikaona maharage, mdogo akaona mtu anayelia. Akachora machozi ya bluu, na tangu hapo sijaweza kuona maharage.

Kilichoniteka mimi, mtu wa vitabu kama wewe, ni mawe ya hadithi. Unachukua mawe kumi, kila moja unalichora kitu kimoja: mwezi, mtumbwi, kisu, daladala, kuku, mlango, bibi, mvua, chochote. Yanaingia kwenye mfuko. Usiku umeme ukikatika mtu anaita "Hadithi, hadithi!", wengine "Hadithi njoo!", naye anatumbukiza mkono na kutoa mawe matatu, moja moja, na hadithi lazima ipite kote kuliko na jiwe. Usiku wa kwanza mdogo wangu alitoa sato, daladala na mwezi. Akasema: sato alipanda daladala. Halafu mwezi. Basi. Dada yake akamcheka. "Halafu mwezi umefanyaje?" Akafikiri muda mrefu sana, tukakaa gizani tunamsubiri. Kisha akasema sato alikosa nauli, konda akamshusha njiani, ikawa usiku, na yeye huko majini alizoea kuuona mwezi ukitikisika, na leo umetulia, akaogopa.

Nilisisimka. Nimesoma riwaya, na nyingine nimezihakiki, ambazo hazijafika hapo. Tukio la pili linakuja tu kwa sababu mwandishi amelitoa mfukoni, na la tatu vivyo hivyo, na mhusika anabebwa kutoka jiwe hadi jiwe bila kuulizwa lolote. Mtoto wa miaka 5 alijua, baada ya kuchekwa mara moja, kwamba lazima sato akose nauli.

Niliwaambia pia kwamba kuchora kwenye mawe hakukuanzia kwenye simu ya baba yao. Mwaka 2014 nilipita Kondoa, nikashuka Kolo, nikapanda mlima na mwongozaji kwenda kuona michoro iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wembamba, warefu kupita kiasi, wekundu, wengine vichwa vyao vimetuna kama wamevaa kofia kubwa. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na kitabu chake cha michoro hiyo kilitoka 1983. Mimi nilikaa dakika arobaini tu, shingo ikauma. Nilichokumbuka kuwasimulia wanangu ni kwamba baadhi ya michoro ipo juu ya mingine. Mtu amekuja, akaukuta mnyama wa mwenzake, akachora wake juu yake. Binti akauliza kama aliomba ruhusa.

Mama alikuja tarehe 23. Anaishi Magu kwa kaka yangu, na kila Krismasi huja kwangu na mfuko wa dagaa na maneno mengi. Watoto wakampokea, "Shikamoo bibi", "Marahaba wajukuu zangu", mizigo ikaingia, akaketi. Ndipo akaona mawe yamepangwa dirishani.

Hakusema kitu. Aliinuka, akachukua kobe, akamweka kiganjani, akampima uzito akimrusharusha kidogo kama afanyavyo mtu anayenunua nyanya. Mkono uliojua.

"Na rangi hii mmenunua?"

Nikasema imebaki tulipopaka nyumba.

"Na nauli ya kufuata mawe?"

Hapo nilinyamaza. Alimrudisha kobe mahali pake, akamgeuza kidogo akae sawa, akaingia chumbani kubadilisha kanga.

Nieleze kidogo ile kazi, kwa wasioijua. Jabali kubwa linachomwa kwa kuni au matairi mabovu mpaka lipasuke. Vipande vinashushwa chini, na huko chini ndiko tulikokuwa sisi, wanawake na watoto. Unaketi chini, miguu umeinyoosha, mbele yako jiwe la kupasulia. Unaizungushia jiwe dogo pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi ili lisikimbie, unapiga nyundo. Unapiga tena. Kokoto zinahesabiwa kwa ndoo, na ndoo zinasubiri lori. Lori lisipokuja, hakuna aliyeuza. Watoto tulikuwa tunatoka shule tunakwenda moja kwa moja kule, sare tunaikunja ndani ya mfuko, tunaketi pembeni ya mama zetu na nyundo ndogo. Hakuna aliyekuwa na miwani. Ukiona kipande kinaruka unafumba macho. Ndiyo kinga iliyokuwepo.

Desemba ya 1998 nilikuwa na miaka tisa, na Januari nilitakiwa kuingia darasa la tatu na sare mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeachia mabegani. Tulikuwa tumeketi bega kwa bega, mimi na mama, tunapiga kwa pamoja, kwa haraka, maana lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Mama akaacha kupiga. Akashika jicho la kushoto. Akasema, "Kitu kimeingia," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Akalisafisha kwa maji ya chupa, akalifunga kwa kipande cha kanga, akaendelea kupiga. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alikwenda hospitali Jumatatu, lori limeshaondoka na sare yangu imeshanunuliwa. Jicho halikupona. Lilifunga ukungu, kisha likawa jeupe.

Tulikuwa tunapiga wote wawili. Kipande kile kilitoka kwenye jiwe lake au kwenye langu. Miaka yote hii sijamwuliza, naye hajasema. Kuna wakati, nikiwa chuoni, nilijaribu kuhesabu pembe: yeye alikuwa kulia kwangu, kwa hiyo jicho lake la kushoto ndilo lililokuwa upande wangu. Nikaacha kuhesabu.

Sasa mkesha wa Krismasi naingia sebuleni, nakuta binti yangu amepiga magoti mbele ya bibi yake. Alikuwa na jiwe kubwa kuliko yote, la umbo la yai, alilolihifadhi tangu Luchelele. Alikuwa anamchora bibi. Mama amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, mikono mapajani. Nikasogea nyuma ya mtoto kuangalia.

Uso wa kahawia. Pua, mdomo, mikunjo miwili. Jicho la kulia limechorwa kwa umakini wote, hadi kope. La kushoto hakulichora. Aliliacha lile duara wazi, rangi ya ukutani ikionekana, jeupe.

Nikataka kusema, "Mchore bibi vizuri." Kweli mdomo ulishafunguka. Nilitaka kulichukua lile jiwe, nimpe lingine, nimwambie atengeneze sato. Lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Akalipokea, akalisogeza karibu na jicho lake zima, akalitazama kwa muda.

"Kilemba kiko wapi?" akauliza. "Mimi sikai kichwa wazi."

"Sijafika huko, bibi."

"Haya, fika."

Binti akarudi kwenye kazi. Akachovya brashi kwenye kijani, akaanza kilemba, na bila kuinua kichwa, kwa namna watoto wanavyouliza wakiwa wanafanya jambo lingine, akasema, "Bibi, jicho lako liliumizwa na nini?"

"Jiwe."

"Jiwe la nani?"

Mdogo wake alikuwa sakafuni anapanga mawe ya hadithi. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kopo la vanishi.

"Langu," mama akasema. Alilitoa neno upesi sana, kabla swali halijakaa vizuri. Hakuniangalia. Kisha akamwambia mtoto, "Kilemba changu kina fundo upande huu, siyo huo," na akamshika mkono wenye brashi akauongoza, vidole vyake vikubwa, vilivyopindika kwenye viungo, juu ya vile vidogo. Wakalichora fundo pamoja. Lilitoka vibaya, kama kitunguu. Wakacheka.

Usiku ule umeme ulikatika, na mama alipopewa mfuko alitoa mtumbwi, kuku na mlango. Hadithi yake ilikuwa ndefu mno, mdogo akalala kwenye kuku.

Siku ya kuondoka, akiwa anafunga mizigo, aliniomba lile jiwe la uso wake. Anataka liwe la kuzuia mlango wa chumba chake Magu, upepo wa ziwa unaubamiza. Nilikuwa nimelipaka vanishi asubuhi hiyo, likawa bado linanata. Nikamwambia asubiri basi la kesho.

Akavua viatu, akarudi kukaa.