Picha Safi au Maneno Yanayoeleweka?



Ukoo wetu umegawanyika: wengine wanaishi Kasese mjini, wengine Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe. Tamthilia ya Kituruki, Diriliş: Ertuğrul, ilituletea mabishano makubwa. Ilionyeshwa na TRT 1 kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, misimu mitano, vipindi 150. Hadithi yenyewe tuliipenda sote. Tulichobishania ni picha.

Bwera walikuwa na DVD zenye sauti ya VJ anayefasiri kwa Kiganda. Picha zilikuwa na ukungu, na usiku ukiingia katika hadithi, msitu na mahema viligeuka miraba myeusi. Wanafunzi wetu wa Kasese wakaja likizo na nakala safi kwenye flashi, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Wakataka DVD zitupwe. Wajomba wakasema televisheni ndiyo mbovu, inunuliwe mpya.

Ukweli ni kwamba televisheni haikuwa na kosa. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, zinazotosha takriban saa mbili za picha nzuri. Kipindi kimoja cha asili cha tamthilia hii nacho kinakaribia saa mbili. Msimu wa kwanza una vipindi 26, basi ulihitaji diski 26 hivi. Sisi tuliuziwa tatu! Ili vyote vienee, picha hubanwa mno, na mambo madogo ya gizani hupotea mapema. Isitoshe, picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576, na ile ya HD 1920 kwa 1080, yaani mara tano. Televisheni kubwa hukuza kilichomo tu. Kilichokwisha kupotea haikirudishi.

Lakini bibi yetu hasomi Kiingereza. Kiganda alichokiokota sokoni kinamtosha. Akatuambia, "Wajukuu zangu, nyinyi mnahesabu ndevu za watu. Mimi naelewa wanachosema. Sasa ni nani kati yetu anayetazama?"

Tukakubaliana hivi: iwekwe nakala safi, na mjukuu mmoja akae karibu na bibi, asome maandishi na kumfasiria kwa Lukonzo. Kipindi cha saa mbili kikawa cha saa tatu, kwani bibi alikuwa akisimamisha na kuuliza, "Hili lilitokea kweli?" Vijana ikabidi wasome. Wakakuta habari za Ertuğrul zilizobaki ni chache sana, na mengi yaliyomo yametungwa. Hapo tukajifunza kwamba picha safi nayo ina hatari yake: inaweza kumfanya mtoto adhani ameiona historia kwa macho.

Enyi wanafunzi, mkirudi nyumbani na nakala nzuri, leteni na ndimi zenu. Mzee aliyeketi mbele ya picha asiyoielewa bado yumo gizani.